Posa ya Mwanangu kwa Barabara ya Zamani

Niliwahi kupindua boza la maji katikati ya kiangazi, mbele ya kijiji kizima kilichokuwa kimepanga foleni na ndoo. Maji yote yalinywewa na mchanga kabla sijamaliza kutoka dirishani. Sikupata hata mkwaruzo, mpaka pale mama mmoja wa makamo aliponipiga na ndoo yake tupu. Nasema haya mapema ili usije ukadhani unasoma habari za mtu mwenye akili zake timamu.

Naitwa Mijbil, ila tangu mwanangu azaliwe watu huniita Baba Rakan. Kwetu ni Qatrana, mji ambao wasafiri husimama wakanywa chai, wakajisaidia, wakaendelea na safari yao kusini. Kwa miaka ishirini na tisa niliendesha boza katika barabara ya zamani ya jangwani, kutoka Qatrana hadi Maan, na kutoka Maan hadi ukingoni mwa Naqab, pale nchi ya juu inapokatika na kushuka bondeni. Kisha serikali ikajenga barabara mpya: pana, imenyooka, ina taa na vibao. Madereva wenzangu walishangilia. Mimi nilinuna kama mtu aliyeletewa habari kuwa mkewe kaolewa kwingine.

Nilistaafu na vitu vitatu: kitambi, mgongo mbovu, na hadithi. Kitambi na mgongo nimebaki navyo mwenyewe. Hadithi nilitaka kuwagawia watu, lakini hawakuzitaka. Nikianza tu kusema, "Siku moja nikiwa pale Jurf," mke wangu Wadha hukumbuka mkate wake jikoni, na Rakan hutoa simu yake mfukoni akaanza kuikagua kana kwamba kaokota ya mtu. Nilikuwa naendelea kusimulia hivyo hivyo. Paka hakuwa na pa kwenda.

Rakan ndiye mwanangu wa pekee, fundi wa umeme wa jua. Alipelekwa Quweira kufunga mitambo kwenye zahanati, akakaa siku nne kwa kazi ya siku mbili, akarudi hali wala hanywi. Kulikuwa na mkunga pale, binti aitwaye Nejoud. Baba yake, Huwaymil, alikuwa mtu wa heshima katika ukoo wao, na hakuwa na neno baya juu yetu. Tatizo lilikuwa kwamba binti ana binamu, Turad, mtoto wa ami yake, naye anamtaka. Kwetu mtoto wa ami husikilizwa kabla ya mgeni. Huwaymil alitutumia ujumbe: "Njooni Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Jumamosi nampokea ndugu yangu kwa jambo hilo hilo." Hata mimi nisiyeelewa mambo haraka nilielewa. Tukiikosa Alhamisi, Rakan kamkosa Nejoud.

Kwa hiyo tulimwomba Pasha Dheifallah awe kiongozi wa msafara wa posa. Huyu alikuwa brigedia mstaafu, mrefu, mwenye joho lenye utepe wa dhahabu na sauti ambayo akikohoa tu watu hukaa sawasawa. Alikuwa ameongoza posa kumi na saba na hakurudishwa hata moja. Shemeji zangu wana magari mazuri yenye viti vya ngozi, na kila mmoja alitaka kumbeba. Nikajitia kimbelembele. Nikasema baba wa kijana ndiye mwenye haki hiyo, nikasema pikapu yangu ina viti vya nyuma, nikakaribia kulia. Wakaniachia kwa kuchoka.

Asubuhi ile Wadha alikuja hadi dirishani kwangu.

"Baba Rakan, leo kazi yako ni usukani. Kuongea kwa Pasha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Na utapita barabara mpya."

"Kwani kuna nyingine?" nikamjibu, na kabla hajageuka nilikuwa nimeshajua kwamba nimemdanganya.

Tuliondoka magari kumi na matatu, saa tano za asubuhi, tukipiga honi mpaka mwisho wa mji. Pasha alikaa mbele karibu yangu, joho likiwa limekunjwa mapajani. Rakan alikaa nyuma na suti mpya na mafuta ya nywele. Tulikwenda vizuri hadi Maan. Baada ya mji pana njia inayochepuka kushoto, haina kibao, wala asiyeijua hawezi kuiona. Mikono yangu ikauzungusha usukani. Naisingizia mikono, lakini nilikuwa nimepanga hivyo tangu juzi.

Nyuma yetu honi zikalia, kisha wenzetu wakaendelea na barabara mpya. Simu ya Rakan nayo ikaanza kulia.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nataka kuwaonyesha kitu. Dakika ishirini tu."

"Baba, leo?"

"Baba Rakan," Pasha akauliza kwa upole, "hii njia bado ipo?"

"Ipo, Pasha. Naijua kama ninavyovijua vidole vyangu."

Mwanzoni ilinitetea. Lami imepauka ikawa rangi ya majivu, lakini ilikuwa imara. Upande mmoja reli ya zamani ilitufuata, upande mwingine jangwa lilikuwa jeusi kwa mawe ya gumegume, kisha likawa la kahawia, kisha likageuka rangi moja ambayo sijawahi kuipatia jina ingawa nimeitazama nusu ya maisha yangu. Ngamia watatu walivuka bila haraka na mmoja akatusimamia katikati atutazame vizuri. Hakukuwa na gari jingine hata moja. Nikajisikia nina miaka thelathini.

Na mdomo ukafunguka. Hapa ndipo nilipotengeneza redieta kwa tende. Pale palikuwa na kibanda cha Mmisri mmoja aliyekaanga mayai kwa pilipili mpaka madereva wakalia. Lile jiwe ndilo nililolala chini yake siku mbili na homa. Pasha alikuwa mtu wa adabu, na kwa kila jiwe alisema "mashallah." Kwenye jiwe la kumi na moja akanyamaza. Nikamtazama Rakan katika kioo. Alikuwa akiangalia saa.

Kisha tukaukuta mchanga. Ulikuwa umeivuka barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine, umelala laini, kama hatua hamsini hivi.

"Simamisha tushuke tuangalie kwanza," Rakan akasema.

"Mimi nimeendesha hapa kabla hujazaliwa."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini mchanga ule nao haukuwepo kabla hajazaliwa, na hilo sikulifikiria. Niliingia na gia ya pili, kwa kasi, kidevu juu. Tulikwenda hatua ishirini, pikapu ikaguna na kukaa chini, tumbo limegusa mchanga.

Sitaki kuisimulia sana ile saa moja na nusu iliyofuata. Rakan alivua koti la suti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, kisha akapiga magoti akawa anafukua chini ya magurudumu kwa mikono na sahani ya kifuniko cha tairi. Mimi nilikuwa kwenye usukani, nikikanyaga mafuta kila nilipoambiwa nisikanyage. Pasha alishuka akavaa joho lake, maana hakutaka kuonekana bila joho hata na mijusi, akasimama mbele ya gari kuamuru kama yuko gwaride. Upepo ulikuwa ukimpuliza mchanga usoni.

"Kushoto! Kushoto nimesema! Acha mafuta! Kulia, ewe punda, kulia!"

Mimi ndiye niliyekuwa punda. Rakan alipunguza upepo wa matairi, akatandika mazulia ya gari na lile turubai langu la kufunikia mizigo, na mwishowe tukachomoka. Pasha akapanda, akafunga mlango, akafungua kinywa aseme alichotaka kuniambia. Haikutoka sauti. Akajaribu tena. Ikatoka hewa tu, na mchanga kidogo.

Tukafika ukingoni mwa Naqab. Kama hujawahi kupita pale siwezi kukusaidia. Nchi inakwisha ghafla, na chini yako pametandazwa bonde jekundu mpaka upeo wa macho, na milima imesimama mmoja mmoja kama watu waliogombana. Kwa miaka ishirini na tisa nilipunguza mwendo hapa, hata nikiwa nimechelewa, hata nikiwa na usingizi. Nilipunguza. Nikavuta pumzi niseme.

"Usiseme, baba," Rakan akasema nyuma yangu. "Nakuomba."

Nikaitoa ile pumzi, nikakanyaga mafuta.

"Tangu nizaliwe nasikia habari za barabara yako," akasema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililonichoma. "Leo ilikuwa siku yangu. Siku moja tu."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na majibu mengi, nina majibu ya kutosha kwa kila jambo. Lakini niliona katika kioo jinsi kucha zake zilivyojaa damu na mchanga, nikakaza macho kwenye kona. Zile kona za Naqab nilizishuka kimya, kona baada ya kona.

Kufika Quweira, alasiri ilikuwa imepita zamani. Shemeji zangu walikuwa wamesimama nje ya mji kando ya magari yao, wamenyauka kwa jua na aibu. Hakuna aliyenisalimu. Mmoja alimpangusa Pasha mchanga mabegani, na tukaingia.

Huwaymil alitupokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe, macho ya mtu asiyelala vizuri. Hakusema neno juu ya kuchelewa kwetu, alisema "karibuni" na kila mmoja wetu akamshika mkono. Baraza lake lilikuwa limejaa watu, si chini ya mia. Upande wa kulia alikaa ndugu yake, mtu mnene aliyetukazia macho kama anatuhesabu, na ubavuni pake Turad, kijana mwenye masharubu mazuri kuliko ya Rakan, lazima niseme kweli. Tukaketi kwenye mito. Mwenye dele akaja, akamimina kahawa, akampa Pasha kikombe cha kwanza.

Pasha akafungua kinywa. Ilitoka sauti ya breki zilizokwisha. Akajaribu tena, ikatoka ile ile. Watu wakainamisha vichwa kumsitiri. Basi yule mzee aliyeongoza posa kumi na saba akanigeukia, macho yamejaa maji kwa fedheha, akanikabidhi kikombe.

Kwetu kikombe cha kwanza cha posa hakinywewi. Anayeongoza hukipokea akakiweka chini mbele yake, akasema tuna haja na kahawa hii hatuigusi mpaka tupewe. Baba wa binti akikubali, husema, "Kunyweni." Asipokubali, kikombe hupoa pale pale na wageni huaga. Hata watoto wetu wakicheza harusi uani, na maji ya matope badala ya kahawa, hawaigusi mpaka waambiwe. Nami nilikuwa nimehudhuria posa mia, na kila mara nilikuwa mtaalamu wa kuwakosoa wengine.

Nilikipokea. Nilikuwa nimekula mchanga tangu adhuhuri, na nilikuwa naogopa mpaka masikio yanavuma. Nikakipeleka kinywani nikakinywa kwa mkupuo mmoja, kama nilivyokinywa vibandani miaka yote ile gari likiwa linanguruma nje. Kisha, Mungu anisamehe, nikakitikisa. Kukitikisa kikombe mkononi ni kumwambia mwenyeji kwamba umetosheka, asikuongeze, huna haja tena.

Mwenye dele akaganda.

"Alhamdulillahi," ndugu yake Huwaymil akasema, akitabasamu. "Wageni wetu wametosheka. Kumbe walikuja kunywa kahawa."

"Njia nzima hiyo!" Turad akaongeza, na vijana wa upande ule wakaangua kicheko.

Nyuma yangu nikamsikia shemeji yangu mkubwa akisema taratibu, "Ameiua posa. Huyu mtu ameiua." Nikamgeukia Rakan. Hakuwa ananitazama. Alikuwa akilitazama zulia, na midomo yake ilikuwa imeingia weupe. Aliyekwisha kunywa hawezi tena kuomba, na sisi tulikuwa tumeshakunywa.

Nikasimama. Sikuwa na mpango wowote. Nadhani miguu iliona aibu kukaa.

"Ndugu yangu Huwaymil," nikasema, "mimi si mtu wa kuwekwa mbele ya watu. Mimi ni dereva wa boza. Leo nimewachelewesha wenzangu, nimempokonya Pasha sauti yake, na sasa nimeinywa posa ya mwanangu. Kila kitu nimefanya mimi. Yeye hana kosa."

"Kaa, baba," Rakan akaninong'oneza.

"Nikae nini, nimeshaharibu. Huwaymil, barabara mpya naijua. Hata mbuzi anaijua. Nilipita ya zamani kwa sababu nilimtaka mwanangu akae na mimi garini. Akioa hatakaa tena. Alipokuwa mdogo mimi nilikuwa huko, kwenye boza. Alianza kutembea nikiwa huko. Alivunjika mkono nikiwa huko. Nikasema, ngoja nimwonyeshe huko kwenyewe ni wapi, labda atanielewa. Hakunielewa, na ana haki. Ukininyima mimi, umefanya sawa. Lakini huyu kijana usimnyime kwa ajili ya kiu yangu."

Nikaketi. Nilikuwa nalia, na kwa kuwa nina uso mpana, watu wote waliona.

"Maneno mazuri," ndugu mtu akasema. "Lakini kikombe kimekwisha."

Huwaymil akafikiri. "Kweli," akasema. "Kikombe kimekwisha."

Nikaanza kutafuta namna ya kuinuka bila kumtazama mwanangu.

"Nimiminie mimi," Huwaymil akamwambia mwenye dele.

Akapokea kikombe chake. Akainuka nacho, akavuka zulia lote, mwenye nyumba mbele ya watu mia, akapiga magoti mbele yangu. Akakiweka kikombe chini, kati ya magoti yangu na yake.

"Mijbil, mimi nina haja kwako," akasema. "Na kahawa hii siigusi mpaka unipe."

"Huwaymil!" ndugu yake akafoka, akinyanyuka nusu. "Umerukwa na akili? Mwanamume haombi mume wa binti yake!"

"Keti, ndugu yangu. Mimi naomba."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo, mbele ya watu." Hakugeuka kumtazama. Alinitazama mimi, na macho yale ya kukosa usingizi yalikuwa mekundu. "Juzi usiku binti yangu aliniambia neno moja tu. Alisema, 'Baba, ukinipeleka kwa ami nitakuwa karibu nawe, na utanisikia nikilia.' Mama yake nilimzika mwaka juzi. Nyumbani sina mwingine. Namwomba mwanao kwa Nejoud wangu."

Hata Turad aliacha kuchezea masharubu. Huwaymil akaendelea kwa sauti ndogo ambayo nafikiri niliisikia mimi tu na Pasha.

"Na Qatrana ni mbali. Kila mwezi uniletee binti yangu nimwone. Uje naye wewe mwenyewe, usimtume mtu. Pita njia unayoitaka, Mijbil, mzungushe unavyotaka, mradi afike."

Watu mia walikuwa wakinisubiri. Maisha yangu yote nimetafuta watu wanaotaka kunisikiliza, nimewafukuzia kwenye vibanda, kwenye misiba, hata kwenye foleni ya hospitali. Leo walikuwapo, wamekaa, wamenyamaza, wananitazama mdomoni. Nilikuwa najua dua za kusoma, najua shukrani za namna saba za kumpa mtu wa heshima. Nilitafuta hata moja, sikuipata.

"Kunywa," nikasema. "Kunywa, ndugu yangu."

Akakiokota kikombe. Alikiinua kwa haraka, kahawa nyingi ikammwagikia ndevuni na kifuani, naye akaendelea kunywa iliyobaki hadi tone la mwisho. Hakuna aliyecheka mle ndani, hata mimi.